Chakula cha usiku na marafiki Mwanza: ufukweni au katikati ya mji?

Kundi likishakubaliana kutoka Ijumaa, kinachobaki ni mabishano ya mahali. Kwa Mwanza mabishano hayo huwa na pande mbili. Kuna wanaotaka meza ya kando ya maji, iwe Capri Point au kwenye fukwe za Bwiru na Pasiansi kuelekea uwanja wa ndege. Na kuna wanaotaka mgahawa wa kisasa wa mjini, wenye menyu ndefu, kiyoyozi na tanuri la piza, maeneo ya barabara ya Kenyatta au Rock City Mall. Mara nyingi anayeshinda ni yule mwenye picha nzuri zaidi kwenye simu. Picha hizo hazikuambii wavu wa jikoni unachukua samaki wangapi, wala oda ya mwisho inapokelewa saa ngapi.

Sisi tunaamua kwa mambo mawili: idadi yenu, na saa atakayofika mtu wa mwisho. Mkiwa sita au pungufu na wote mnaweza kuwa mmekaa kabla jua halijazama, ufukweni hakuna mpinzani. Mkiwa kumi na zaidi, au kuna mwenzenu anayetoka zamu saa 2 usiku, nendeni mjini. Mkiwa saba hadi tisa, itategemea mnataka kula nini, na huko ndiko tofauti kubwa iliko.

Saa ya kufika

Upande wa magharibi wa Capri Point unatazama ghuba, kwa hiyo jua linazamia majini mbele ya meza. Mwanza jua halizami saa ileile mwaka mzima: mwanzoni mwa Novemba linazama kama saa 12:40 jioni, na Februari linachelewa hadi saa 1:10 hivi. Kaeni mezani nusu saa kabla. Meza za ukingoni ni chache popote pale, na anayezipata ni aliyepiga simu mapema akaitaja meza yenyewe, sio aliyesema tu "tunakuja watu sita".

Giza likishaingia, faida ya ufukweni inapungua kwa kiasi kikubwa. Unabaki na upepo na sauti ya maji, bei ikiwa ileile. Isipokuwa usiku usio na mbalamwezi: hapo wavuvi wa dagaa wanakuwa kazini, na taa zao hujipanga ziwani hadi upeo wa macho. Mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika, kwa sababu dagaa hawaifuati taa maji yakiwa na mwanga.

Ila usiku huohuo wa giza una gharama yake. Siku za kuandama kwa mwezi ndizo wadudu wa ziwani wanapotoka kwa mawingu. Ni wadogo, hawaumi, lakini wanaifuata taa na kujaa kwenye sosi na glasi. Dawa yake ni kuomba meza isiyo chini ya taa, kufunika glasi kwa kisahani na kuagiza vitu vinavyoliwa vikiwa vya moto na kuisha haraka, badala ya bakuli za mchuzi zitakazokaa wazi saa nzima. Mbu ni habari nyingine: wanauma, na Kanda ya Ziwa malaria ipo ya kutosha. Mikono mirefu na suruali, hata kama picha zitapoteza mvuto kidogo.

Mjini saa si hoja, mradi usichanganye saa ya kufunga na saa ya jiko. Mgahawa unaweza kuwa wazi hadi saa 5 usiku huku mpishi akiwa ameshazima majiko saa 3 na nusu. Migahawa inayoishi kwa wateja wa ofisini mchana ndiyo inayowahi zaidi. Swali la kuuliza ni "oda ya mwisho ya chakula ni saa ngapi?"

Jikoni, ambako jioni huharibikia

Ufukweni watu wanafuata samaki, na samaki ni mkaa. Sato mzima wa nusu kilo hadi gramu 700 anahitaji dakika 25 hadi 30 juu ya wavu, akigeuzwa mara moja tu. Akikaangwa kwenye mafuta mengi anatoka kwa dakika 10 hadi 15. Tatizo ni nafasi. Wavu wa kawaida wa hoteli unabeba samaki sita, labda wanane wakibanana, na meza yenu sio meza pekee. Watu kumi na wawili wakiagiza kila mtu sato wake wa kuchoma, mpishi atachoma kwa awamu mbili. Nusu ya kundi itakula, nusu nyingine ikitazama. Wa kwanza wanamaliza ndio wa pili wanaanza, na mazungumzo yote yanageuka kuwa ya kumuuliza mhudumu.

Kundi linalojua mambo linafanya hivi: linaagiza samaki wachache wakubwa, kilo moja na robo hadi moja na nusu kwa kila watu watatu, wanawekwa kati na kila mtu anamega. Pia linagawa upishi, wawili wa kuchoma, mmoja wa kukaanga, mmoja wa rosti, kwa sababu hivyo ni vituo vitatu tofauti jikoni na vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Kwa hesabu ya njaa, kumbuka kwamba sato mzima wa kilo hatoi nyama ya kufikia nusu kilo. Kichwa, mifupa na matumbo ndivyo vinavyobeba uzito. Na pale samaki anapouzwa kwa kilo, uliza kama anapimwa kabla au baada ya kuparuliwa.

Omba kumwona kabla hajapikwa. Mji uliokaa kando ya soko la samaki la Mwaloni hauna sababu ya kukuletea samaki wa wiki iliyopita, lakini friza nazo zipo. Mashavu yawe mekundu, jicho liwe limejaa, nyama ukiibonyeza irudi. Aliyetoka kwenye friza si lazima awe mbaya. Ubaya unakuja akiwekwa motoni kabla hajayeyuka: ngozi inaungua na nyama ya karibu na uti inabaki mbichi. Kagua hapo hapo, nyuma ya kichwa. Nyama iliyoiva inaachia uti yenyewe. Inayong'ang'ania na bado inang'aa, mrudishie mhudumu bila aibu.

Siku hizi sato wengi wanatoka kwenye vizimba vya kufugia samaki. Hao wanafanana ukubwa na wana mafuta zaidi, jambo linalosaidia kwenye kuchoma kwa sababu hawakauki. Wanaopenda ladha ya sato wa ziwani watalalamika. Kwa kundi, kufanana ukubwa ni faida, wote wanaiva pamoja.

Sangara ni chaguo la mwenye watoto na la asiyetaka kupambana na miiba. Kisheria havuliwi akiwa chini ya sentimita 50, kwa hiyo hatakujia mzima kwenye sahani ya mtu mmoja, atakuja vipande au minofu. Kipande kinene kikizidishiwa moto kinakuwa kigumu na kinatoa maji. Kwenye menyu za mjini, palipoandikwa tu "minofu ya samaki" mara nyingi ni yeye, ila uliza.

Kuku wa kienyeji asiagizwe mkiwa mmeshakaa. Anachemshwa kwanza ndipo anachomwa, na hiyo ni saa nzima au zaidi. Kama mnamtaka, apikwe kwa oda ya simu.

Mjini shida ni nyingine kabisa: menyu ndefu. Watu kumi wakichagua vyakula kumi tofauti, mpishi ana sufuria kumi, na sahani ya kwanza inapoa wakati ya mwisho bado inaandaliwa. Jiwekeeni ukomo wa aina nne. Tena chagueni kile ambacho jiko lile limejengwa kukifanya, kwa sababu mgahawa wenye piza, baga, vyakula vya Kichina na ugali wa samaki kwenye ukurasa mmoja huwa na kimoja unachokijua na vitatu unavyovibahatisha. Angalia meza za jirani zinakula nini.

Kwa kundi kubwa, chakula cha Kihindi ndicho kinachotusadikisha kuwa mji unashinda, na Mwanza ina wapishi wake wa miaka mingi. Mchuzi wa msingi tayari upo, nyama imeshaiva, kwa hiyo bakuli zinatoka ndani ya dakika 20 zote pamoja. Kwa watu kumi tunapanga hivi: bakuli tano (mbili za kuku, moja ya mbuzi, mbili za mboga au dengu), wali sahani nne, naan (mikate bapa ya tanuri) kumi na tano. Naan zisiagizwe zote kwa mkupuo. Zinaokwa dakika mbili tu na zikipoa zinakuwa ngozi ya kiatu, kwa hiyo omba nane kwanza, saba baadaye. Pilipili iwekwe pembeni. "Kali kidogo" ya mpishi na ya mwenzako kutoka Sengerema hazina uhusiano wowote.

Piza ni rahisi kugawana lakini ipigie hesabu. Ya sentimita 30 ina vipande vinane, mtu mzima mwenye njaa anakula vitatu au vinne, hivyo watu kumi wanahitaji tano na kitu cha pembeni. Tanuri dogo la umeme linaoka mbili kwa wakati mmoja, kila awamu dakika 10 hadi 12. Hiyo ni awamu tatu, na ukihesabu kukanda na kupanga, dakika 40 hadi ya mwisho. Kula kila inapofika, isiwepo "hii ni yangu". Umeme ukikatika, jenereta ikiwa ndogo, tanuri ndilo la kwanza kuachwa. Mkaa wa ufukweni haujui mgao.

Nani mezani hali nini

Hili liulizwe kwenye kundi la WhatsApp siku moja kabla, lisisubiri mezani. Mkiwa na Waislamu, swali si kama kuna nyama halali tu. Uliza kama kitimoto (nyama ya nguruwe) inachomwa kwenye wavu huohuo na kukatwa kwa kisu hichohicho. Bustani nyingi za nyama choma zinazouza vyote viwili hazitenganishi wavu, hata zikisema zinatenganisha sahani. Mjini ipo migahawa isiyo na kitimoto wala pombe kabisa, ambayo inamaliza suala hilo, lakini wenye hamu ya bia baridi ya Balimi wajue mapema ili wasifike wakanuna. Hoteli za ufukweni kwa kawaida zina baa kamili.

Asiyekula nyama ana shida ufukweni: atapewa chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyokaangia samaki, na kachumbari. Mjini, kwenye migahawa ya Kihindi, ndiye anayekula vizuri kuliko wote.

Mvua, kelele, viti

Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, usikodi jioni ya ufukweni bila kuuliza: "Ikinyesha, meza yetu ya ndani ipo, au mnatubananisha baa?" Dhoruba za ziwa hupenda usiku na hufika ghafla, upepo kwanza. Makuti yanazuia mvua ya wima, hayazuii ya ubavuni. Julai hili halikuhusu.

Kuhusu kelele, ufukwe unaweza kuwa na bendi au karaoke mwisho wa wiki, na mjini kuna runinga. Usiku wa mechi ya Simba na Yanga sahau mazungumzo popote penye skrini. Mkiwa na mtu wa kuagwa na hotuba zake, epukeni vyote viwili kwa kwenda Jumatano au Alhamisi, jiko nalo likiwa limetulia.

Meza ndefu ya watu kumi na nne hugawanyika yenyewe kuwa meza tatu za mazungumzo. Meza mbili za saba zilizosogezwa karibu ni bora, na mhudumu hazungukwi na kelele za oda. Mjini ni rahisi kupanga hivyo. Ufukweni, kwenye nyasi na miamba, meza huwa zimeshajipangia zenyewe.

Bili

Urafiki mwingi hupata mikwaruzo hapa. Bili ya kugawana sawa inamuumiza anayekunywa soda, na kila mara ni yuleyule.

Chukua mfano wa watu kumi. Chakula cha kugawana ni shilingi 260,000. Vinywaji ni 190,000, na katika hizo 150,000 ni bia na mvinyo wa watu wanne. Mkigawana sawa kila mtu anatoa 45,000. Mkitenganisha, chakula ni 26,000 kwa kila mtu. Wasiokunywa pombe sita wanagawana 40,000 ya soda, juisi na maji, hivyo wanatoa kama 32,700 kila mmoja. Wanywaji wanne wanatoa 63,500. Tofauti ya zaidi ya elfu 12 kwa mtu wa soda inatosha nauli ya kurudi.

Kutenganisha hakuwezekani mwishoni. Mwambie mhudumu kabla ya oda ya kwanza: bili ya chakula moja, bili ya pombe nyingine, vinywaji baridi nyingine. Akishaingiza kila kitu kwenye meza moja, kugawa upya ni kazi ya mkono na mwenye kupiga hesabu atakosea. Ufukweni hili ni gumu zaidi, maana baa na jiko mara nyingine ni kaunta mbili, na vinywaji vinaletwa na mhudumu tofauti. Huko, mmoja wenu aandike kila chupa inayotua. Chupa tupu zisiondolewe mezani hadi bili ifike. Ndio ushahidi wenu.

Soma chini ya menyu. Mkiona mstari mdogo unaosema bei haijajumuisha VAT, ongeza asilimia 18 ya kiwango cha kawaida: sahani ya 30,000 itasomeka 35,400. Kama ada ya huduma imeshawekwa kwenye bili, bahashishi ni hiari yenu; kama haipo, mpeni mhudumu mkononi, si kwenye mashine. Karatasi ya kwanza mnayoletewa ni bili tu. Risiti ni ile ya EFD (mashine ya risiti za kodi), inayotoka mkishalipa, na mna haki nayo na wajibu wa kuidai.

Kwenye kulipa, mtu mmoja akusanye kwa M-Pesa, Mixx by Yas au Airtel Money kabla ya siku yenyewe, angalau fedha ya chakula, na alipe kwa lipa namba badala ya kwenda kutoa kwa wakala na kukatwa. Jina linalotokea kwenye simu lilingane na la mgahawa kabla hajaweka namba ya siri. Mtandao wa baadhi ya fukwe ni dhaifu, kwa hiyo noti chache mfukoni hazidhuru. Mjini mashine ya kadi ni ya kawaida, mradi umeme upo.

Kurudi nyumbani

Kutoka mjini, bajaji na bodaboda ziko mlangoni hata saa 5 usiku. Capri Point si mbali, ila ni kilima na giza, na bajaji hazipiti zikitafuta abiria. Agizeni usafiri bili ikiwa bado inaandaliwa. Mkiwa upande wa Pasiansi na kuendelea, kubaliana na dereva mmoja wa taksi bei ya kwenda na kurudi. Wenzenu wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba, wana unafuu: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hawaaliki tena kundi zima kutazama saa kwa sababu ya kivuko.

Mkiwa na keki

Ikiwa jioni ni ya siku ya kuzaliwa, uliza mambo matatu kwenye simu. Mnaruhusiwa kuja na keki? Kuna malipo ya kuikata na kuihudumia? Kuna nafasi kwenye friji? La tatu ndilo linalosahaulika. Keki ya krimu ikikaa ufukweni kuanzia saa 11 jioni inalainika, na mishumaa haiwaki kwenye upepo wa ziwa; pelekeni ya siagi au ya matunda, na muiwashie ndani kabla ya kuileta nje. Mjini ije yoyote, ila fundi wa muziki apewe jina la mwenye sherehe limeandikwa, kwa herufi kubwa.